Nimeshusha gita hadi B limekuwa uji. Tatizo ni nyuzi, shingo au spika?

#1 RidhimuMoro

Habari wakuu. Nina gita la umeme la nyuzi sita, shingo yake (uzi kutoka kichwani hadi darajani) inchi 25.5, seti ya nyuzi ni unene wa 10 hadi 46, kwa elfu za inchi. Miaka yote nimepiga tyuningi ya kawaida, kanisani na kwenye bendi yetu hapa Morogoro. Mwezi uliopita mpwa wangu alinisikilizisha magita ya nyuzi saba na nane, yale yanayoguruma kama lori linapanda Kitonga na gia namba moja. Tangu siku hiyo sauti ile haijanitoka kichwani. Naitaka.

Juzi nikashusha nyuzi zote sauti mbili na nusu, ule mnene ukatoka E ukawa B. Nilichopata ni uji. Uzi wa sita umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nikiupiga unagonga freti, unalia juu kidogo ya B, halafu unateremka polepole mpaka unatulia. Kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ndiyo haisomeki kabisa.

Mpwa anasema mjomba nunua la nyuzi saba. Fundi mmoja mjini anasema nyuzi nene zinatosha. Mpiga besi wetu anasema nimevamia shamba lake. Nimfuate yupi?

#2 Kijiweni84

Uzi kuhusu uzi. Naweka kambi hapa.

#3 FundiWaNyuzi

Mkuu RidhimuMoro, fundi wako amepatia. Mkazo wa uzi unafuata kipeo cha pili cha masafa yake, yaani mitetemo kwa sekunde (hezi). Uzi wa 46 kwenye E, shingo ya 25.5, unavutwa kwa karibu kilo 8. E hiyo ni hezi 82, B uliyoshukia ni hezi 62 kasoro kidogo. Piga hesabu: umebakiwa na asilimia 56 ya mkazo, kilo nne na nusu hivi. Kamba yako ya nguo imetokea hapo.

Hiyo ya kulia juu kisha kushuka nayo ni mkazo uleule. Ukiupiga uzi uliolegea unaupanua, na kwa vile haukuwa na mkazo wa kutosha, nyongeza kidogo inaonekana kubwa, sauti inapanda. Ukitulia inarudi mahali pake.

Ili B ivutwe kama E yako ya zamani unahitaji uzi wa 60 au 62. Tafuta seti ya 12 hadi 62, funga, fanya marekebisho, gita hilohilo litasimama. Usimwage hela kwenye gita jipya bado.

#4 MseeWaChuma

Niaje wadau, niko Nairobi. Fundi, hesabu yako iko sawa lakini umeishia nusu ya safari. Mkazo umeurudisha, sawa, ila sasa una uzi mnene kwenye shingo ileile fupi. Uzi mnene na mfupi huanza kuwa na tabia ya fimbo. Unakuwa mgumu kupinda, na zile sauti ndogo zinazopanda juu ya sauti kuu haziketi tena mahali pake, zote zinasogea juu kidogo. Sikio linasikia B isiyo na uhakika.

Jiulizeni kwa nini piano kubwa ya ukumbini ni ndefu vile. Nyuzi zake za besi zimepewa urefu. Kaa kwenye piano ndogo ya sebuleni upige zile za mwisho kushoto, utasikia ukungu.

Gita ni hivyo hivyo. Ukitoka 25.5 ukaenda inchi 27, uzi uleule kwenye sauti ileile unapata mkazo wa ziada wa asilimia 12, na hapo hujaongeza unene hata kidogo. Ndiyo maana magita ya baritoni ni 27, 28 na kuendelea. Mleta uzi, tafuta shingo ndefu. Nyuzi saba kwenye 25.5 zitakurudisha hapahapa kulalamika.

#5 BintiMalindi

Hamjambo. Mimi ni mtu wa udi, taarabu, Unguja. Nimeisoma #4 mara mbili na nina swali.

Udi uzi wake, kutoka kichwani hadi darajani, ni kama sentimita 58 hadi 61. Gita la mleta uzi ni karibu 65. Basi udi ni mfupi. Na bado uzi wake mnene wapigaji wengi huuweka C au D ya chini, hezi 65 hadi 73. Hiyo C imepishana na B yake kwa nusu sauti tu. Lakini hakuna anayesema udi ni uji. Ukiugusa ule uzi wa juu kabisa kwa risha, ukumbi mzima unajua ni sauti gani.

Sasa kama urefu ndio kila kitu, udi unafanyaje?

#6 MseeWaChuma

Dada, swali zuri. Uzi wa udi ndani yake ni nailoni au hariri, juu umezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Unapinda kwa urahisi. Gita la umeme ndani yake ni chuma, lazima kiwe chuma ili pikapu, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, ikisikie. Kwa hiyo ugumu niliousema wewe huna.

#7 BintiMalindi

Basi tatizo ni ugumu wa kiini, siyo ufupi wa shingo. Umenijibu kwa kunipa haki.

#8 Kijiweni84

Goli la kideo hilo.

#9 FundiWaNyuzi

Dada ameongeza kitu cha maana. Nyuzi mbili za 62 zinaweza kutofautiana kabisa: moja ina kiini kinene na waya mwembamba wa nje, nyingine kinyume chake. Ile ya kiini chembamba inapinda vizuri zaidi. Tatizo letu madukani tunanunua namba tu, kiini hatukijui.

#10 JiweZito

Nimechelewa. Mleta uzi, hii kitu ilianzishwa na Tony Iommi wa Black Sabbath, Birmingham. Alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17, na kwa vile anapiga kushoto, mkono ulioumia ndio unaokandamiza nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaweka nyuzi nyembamba za banjo, akashusha tyuningi ili zisimuumize. Maumivu ndiyo yaliyozaa sauti nzito ya chuma (heavy metal). Kwa hiyo anza kushusha kwa sababu kama yake, unene wa nyuzi usikutishe. Yeye alishusha na nyembamba!

#11 MseeWaChuma

JiweZito, hadithi ni ya kweli ila umebana miaka. Albamu mbili za kwanza za 1970, ile yenye jina la bendi na Paranoid, zimepigwa kwenye tyuningi ya kawaida. Kushuka hadi C# kumeingia kwenye Master of Reality, 1971, tena baadhi ya nyimbo. Na gita alilokuwa nalo ni Gibson SG, shingo inchi 24.75, fupi kuliko la mleta uzi.

#12 JiweZito

Nakubali miaka. Lakini hapo kwenye shingo umejifunga mwenyewe mkuu. Shingo fupi, nyuzi nyembamba, tyuningi ya chini, na bado watu wanaigiza sauti ile mpaka leo.

#13 MpwaHalisi

Mimi ndiye mpwa 😀 Shikamooni. Mjomba hajawaambia kitu kimoja: sauti niliyomsikilizisha ni ya bendi ya Korn. Hao ndio walioleta nyuzi saba.

#14 MwlWaKwaya

Marahaba kijana. Korn, watoto wa Bakersfield, California, walizipeleka mbali kwa albamu yao ya 1994, wakazishusha hadi A. Lakini gita walilotumia, Ibanez Universe, lilitoka 1990 kwa ajili ya mpiga gita Steve Vai. Na kabla yake kuna George Van Eps, mpiga jazi wa Marekani, aliyekuwa na gita la nyuzi saba tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Uzi wake wa ziada ulikuwa A ya chini, sauti ileile ya Korn, ila yeye alikuwa anajipigia besi mwenyewe kwa dole gumba huku anacheza kodi juu. Warusi nao wana gita lao la nyuzi saba la zamani zaidi, linatyuniwa kwa G wazi.

Sasa nirudi kwa mjomba wako, maana nyote mmejibu kuhusu uzi mmoja na yeye amelalamikia pia kodi. B ni hezi 62, F# iliyo juu yake, noti ya tano, ni 92 na nusu. Ukipitisha sauti hizo mbili kwenye disto, ile athari inayokwaruza sauti, zinazaa sauti nyingine, tofauti yao: hezi 31 hivi. Hiyo ni B ya oktava nyingine chini, nguruma tupu, lakini angalau ni B. Ukipiga B na D# badala yake, D# ni 78, tofauti ni 16. Hapo hakuna noti, ni mtikisiko. Mbele ya kwaya nafanya vilevile: besi wa kwanza na wa pili siwasogezi karibu wanapokuwa chini kabisa, nawatenganisha oktava au tano. RidhimuMoro, unapiga kodi gani hasa?

#15 RidhimuMoro

Mwalimu, umeniona. Nilikuwa napiga meja ya kawaida ileile ya kanisani, vidole vyote, nimeishusha tu. Leo jioni nitajaribu kodi ya tano.

#16 SpikaKumiNaMbili

Wote mnaongelea gita. Hakuna aliyemuuliza sauti inatokea wapi! Spika ya gita ya inchi 12 haikutengenezwa kwa ajili ya besi. Celestion Vintage 30, ambayo nusu ya chuma duniani imepitia hapo, karatasi yake inaandika kuanzia hezi 70. B iko 62. Basi ile hezi 62 yenyewe spika inaitoa kwa shida.

Unachosikia kama B ni 124, 185, 247 na kuendelea. Sikio linaona zimepishana kwa 62, linajaza lenyewe sauti ya chini isiyokuwepo. Ndiyo maana mpwa anaweza kumsikilizisha mjomba Korn kwenye simu na mjomba akasikia lori la Kitonga, wakati spika ya simu haiwezi hata hezi 200 sawasawa.

Kwa hiyo ukipandisha kitufe cha besi kwenye ampli ili upate uzito, unaongeza tope tu. Fanya kinyume. Shusha besi, pandisha kati, punguza disto. Watu wa chuma huweka Ibanez Tube Screamer mbele ya ampli, disto yake karibu sifuri, volyumu juu. Pedali ile inakata sauti za chini kabla hazijafika kwenye disto na kuinua eneo la hezi 720 hivi. Gita linabana. Sauti za chini zinaachiwa mpiga besi.

#17 DadaBesi

Asante SpikaKumiNaMbili kwa sentensi ya mwisho, nilikuwa naisubiri tangu #1.

Mimi napiga besi. E yangu ya chini ni hezi 41. Gita la nyuzi nane likiwa kwenye F# ni 46. Tunaishi nyumba moja chumba kimoja. Bendi niliyowahi kuwemo mpiga gita alishuka hadi A, nikawa kila noti napigana naye, na mtu wa mitambo akatatua kwa kunizima mimi. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo kabisa. Baadaye nikajifunza: akishuka yeye, mimi nami nashuka oktava chini yake au napanda juu nipige mstari wangu. Lakini lazima mkae mkubaliane mazoezini. RidhimuMoro, mpiga besi wako siyo mchoyo. Kaa naye.

#18 MzeeWaSecondSolo

Vijana hamjambo. Nimepiga dansi Dar es Salaam tangu magita yanasikika bila pedali. Nawasoma kwa furaha, maana swali hili sisi tulilijibu kwa kupanda.

Bendi kama Mlimani Park ilikuwa na solo, second solo, ridhimu na besi. Magita matatu yanaongea kwa pamoja na hakuna anayemfunika mwenzake. Tulifanyaje? Kila mmoja na sehemu yake ya shingo. Ridhimu anakaa chini, second solo katikati, solo huko juu freti ya kumi na mbili na kupanda. Besi peke yake kule chini, anatembea anavyotaka. Ndiyo mtu anacheza, kwa sababu anaisikia besi.

Wakongo wakaenda mbali zaidi, wakabadilisha na nyuzi zenyewe, wakalipa gita la kati sauti ya kumeta. Kwa hiyo kijana wa Morogoro anayetaka sauti mpya, mimi ningemwuliza: umeshamaliza za juu?

#19 LushiSolo

Jambo mzee, niko Lubumbashi. Unaongelea mi-composé. Unatoa uzi wa nne, ule wa D, unaweka mwembamba unaolia D ya oktava ya juu. Basi. Uzi mmoja tu umebadilishwa, na gita lote linabadilika, maana mkono unacheza mfano uleule lakini noti inaruka juu mahali ambapo sikio linaingoja chini. Nimelifunga hivyo moja nyumbani. Mtoto wangu akifungua mlango anajua nimeshika lipi kabla hajaniona.

Ninachotaka kusema kwa mleta uzi: sauti mpya inaweza kutoka kwenye uzi mmoja. Shusha wa sita peke yake hadi D kwanza, mengine acha. Kwenye D mkazo unapungua asilimia 20 tu, seti yako ya 10 inavumilia.

#20 KisumuNyuziNane

Mnasifia nyuzi nane kama jambo geni. Nyatiti ina nane tangu mababu! Mjaluo anakaa kwenye kigoda kifupi, nyatiti imelala mbele yake, pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu inagonga ubavu wa chombo, njuga mguuni, na anaimba juu yake. Besi, ridhimu, solo na ngoma, mtu mmoja. Benga ilipozaliwa wapiga gita walikuwa wanatafuta mlio huo kwenye nyuzi sita.

Mwenye gita la nyuzi nane aje tulitafsirie nyatiti. Sijasikia mtu amefanya hivyo kwa dhati na natamani sana.

#21 MseeWaChuma

KisumuNyuziNane, ukitaka nyuzi nane zinazofanya zaidi ya kunguruma msikilize Tosin Abasi wa bendi ya Animals as Leaders. Mzaliwa wa Marekani, wazazi wake Wanigeria. Anazigonga nyuzi za chini kwa dole gumba kama mpiga besi huku vidole vingine vinajibu juu. Ukiisikia utafikiria njia ya nyatiti.

Na kwa wanaopenda uzito, bendi ya Meshuggah wa Umeå, Uswidi. Wao wako F, hezi 44 hivi, na magita yao Ibanez aliwatengenezea shingo ya inchi 29.4. Albamu ya Nothing, 2002, ndiyo iliyoleta nyuzi nane kwenye chuma.

#22 JiweZito

Zamu yangu kukusahihisha miaka 😀 Nothing ya 2002 ilirekodiwa na magita ya nyuzi saba yaliyoshushwa, kwa sababu yale ya nane ya mwanzo yalikuwa na kasoro. Magita ya nyuzi nane yaliingia walipoyapiga upya wakaitoa tena 2006. Sasa nieleze: nyuzi saba zimeshushwa kupita kiasi, shingo haijawa 29.4, na dunia nzima ikaisikia ikasema hii ndiyo sauti. Shingo yako ndefu ilikuwa wapi?

#23 MseeWaChuma

Umenipata kwenye mwaka. Lakini kama ilitosha, mbona waliyapiga upya?

#24 FundiWaNyuzi

Kabla mleta uzi hajafunga 62, onyo kwa wote. Kile kipande kilichoko kichwani mwa shingo, chenye mifereo ya nyuzi, kimechongwa kwa 46. Uzi wa 62 hauingii, unakaa juu ya mfereo. Gita langu la kwanza nilimpelekea mtu mmoja alichonge, akatumia msumeno wa chuma. Mfereo ukawa mpana na wenye kina, uzi ukawa unatambaa huku na huku na kulia *nzzz* kwenye freti ya kwanza. Nililia machozi, na ndiyo sababu nikajifunza ufundi. Chonga kwa tupa ya duara ndogo, kidogo kidogo, jaribu uzi kila baada ya misuguo mitatu.

Pili, chuma cha ndani ya shingo. Ukilegeza nyuzi, shingo inarudi nyuma, nyuzi zinagusa freti hata kama ni nzima. Kilegeze robo mzunguko, subiri siku, angalia tena. Tatu, vikalio vya darajani: uzi mnene unataka kikalio kirudi nyuma ili freti ya 12 ikubaliane na uzi mtupu, usiokandamizwa. Nne, pikapu ikiwa karibu sana sumaku inauvuta uzi uliolegea, sauti inayumba. Ishushe kidogo.

#25 RidhimuMoro

Wakuu, mrejesho. 62 sikuipata, nimepata 56 pekee, nikaifunga jana usiku. Mfereo nimeuchonga kwa tupa kama #24 alivyosema, nusu saa nzima kwa uzi mmoja, vumbi jeupe likajaa kwenye ukucha. Pikapu nimeishusha mizunguko miwili. Kitufe cha besi kwenye ampli nimekishusha kutoka saa nane hadi saa nne, disto nusu.

B ya kwanza niliyoipiga ilisimama. Haikuteremka tena kwa namna ile. Nikaweka kodi ya tano, nikaizima kwa kiganja karibu na daraja, na glasi ya maji iliyokuwa juu ya ampli ikatengeneza duara katikati. Nilikaa kimya. Mke wangu akaja mlangoni akauliza kama gari limeegeshwa nje.

Lakini nikipanda freti ya tano na kuendelea kwenye uzi huohuo, ukungu unarudi. Na nikipiga kwa nguvu bado inapanda kidogo.

#26 MseeWaChuma

Ukungu wa freti ya tano ndio shingo fupi niliyoisema. Ukikandamiza pale uzi unabaki mfupi na unene uleule. Fimbo.

#27 FundiWaNyuzi

Au kikalio hakijarudi nyuma vya kutosha. Ametuambia mfereo na pikapu, kikalio hajakitaja.

#28 SpikaKumiNaMbili

Au ni disto. Zima kabisa, piga freti ya tano kavu, utuambie.

#29 MwlWaKwaya

Au ni mkono. Kupiga kwa nguvu ulivyozoea kwenye 46 hakufai hapa. Piki ngumu, mguso mwepesi, karibu na daraja.

#30 MpwaHalisi

Mjomba kikalio kimefika mwisho, nimeona picha. Skrubu haina pa kwenda tena.

#31 FundiWaNyuzi

Toa ile springi ndogo nyuma yake, utapata milimita mbili tatu. Kisha pima tena.

#32 DadaBesi

Na mpiga besi amesemaje?

#33 RidhimuMoro

Anakuja Jumamosi na besi yake. Springi naitoa leo. Mzee #18, shikamoo, na D nyembamba ya LushiSolo nimeinunua pia, nitaifunga kwenye gita la kanisa.

#34 MzeeWaSecondSolo

Marahaba mwanangu. Hilo la kanisa rekodi utuwekee hapa.

#35 KisumuNyuziNane

Na bado nasubiri mwenye nyuzi nane.